Gemu ikigoma baada ya apdeti: namna ya kuomba msaada na namna ya kuutoa

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma, nacheza The Sims 4, ile gemu ya kuongoza maisha ya familia, kwenye laptopu yangu. Ilipokuja apdeti ya mwisho, vitufe vya chini ya skrini vilipotea, na nikimbofya mtu hakuna kinachotokea. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jamani gemu imekufa, naombeni msaada." Mmoja akanijibu "soma juu". Mwingine akaniambia nifute folda yote ya The Sims 4. Nikafuta, na familia niliyoicheza tangu nikiwa kidato cha sita ikaondoka nayo. Kwa hasira nikamwandikia aliyetengeneza modi moja ninayoitumia, yaani faili la nyongeza linalobadilisha gemu, nikamuuliza kwa nini anaharibu gemu za watu. Hakunijibu. Rafiki zangu wanasema sikuwa na adabu, mimi naona walionijibu ndio waliokosa adabu. Nani amekosea? Halafu sasa nimejifunza kidogo, na wenzangu wa hosteli wananifuata mimi kila apdeti inapotoka. Niwasaidieje bila kuwaharibia kama nilivyoharibiwa, na bila kuchoka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sitakuzungusha. Aliyekwambia ufute folda nzima ndiye aliyekosea zaidi ya wote. Anafuata wewe, kwa ule ujumbe uliomwandikia mtengenezaji wa modi. Swali lako kwenye kundi lilikuwa na upungufu pia, lakini ni upungufu wa mtu aliyeshtuka, na huo hurekebishika. Aliyesema "soma juu" nitamfikia.

Kwanza nikueleze kilichotokea kwenye laptopu yako, maana adabu ya jambo hili inatokana na jinsi gemu yenyewe inavyofanya kazi. The Sims 4 ilitoka mwaka 2014, na mpaka leo Electronic Arts wanaendelea kuiongezea na kuirekebisha. Modi hazitoki kwao. Zinatengenezwa na wachezaji kama wewe, wengi wao wana kazi nyingine za kuwalisha, na kila modi hushonwa kwa vipimo vya gemu ilivyokuwa siku ile. Apdeti ikiingia, mvaaji amebadilika mwili na gauni limebaki lilelile. Modi za nywele na nguo mara nyingi zinapona. Zile ambazo jina la faili linaishia na .ts4script zinaumia zaidi, kwa sababu zinashikana na msimbo wa ndani wa gemu. Na zile zinazogusa vitufe na vibao vya kwenye skrini ndizo za kwanza kuvunjika, karibu kila apdeti.

Kwa hiyo vitufe vilivyopotea vilikuwa dalili ya kawaida kabisa, na gemu yako ilikuwa hai. Hata yenyewe inajihadhari: ikishapokea apdeti huzima modi zote, na haziwaki tena mpaka mtu aingie kwenye mipangilio aziruhusu. Naamini uliziwasha usiku uleule, kama wanavyofanya wengi.

Sasa tazama saa. Apdeti hizi mara nyingi hutoka saa 4 asubuhi kwa saa za California. Hapa kwetu inakuwa saa 2 usiku, au saa 3 huko kwao kukiwa na majira ya baridi. Ndiyo saa ambayo watu wa hosteli wameshakula na kila mtu amefungua laptopu. Unapoandika "imekufa" saa 4 usiku, mtengenezaji wa modi pengine yuko kazini kwake, hata kuipakua apdeti hajaipakua. Hakuna mtu mahali popote mwenye dawa kwa saa ile. Novemba 2018 gemu hii ilihamishwa kutoka toleo la zamani la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenda toleo la 3.7, na modi zenye msimbo zikavunjika kwa wingi mara moja. Watengenezaji walilazimika kuzifungua na kuzijenga upya, moja baada ya nyingine. Kazi kama hiyo haiharakishwi na ujumbe wenye alama nne za mshangao.

Ndiyo maana nasema adabu ya kwanza ni kusubiri. Siku mbili tatu, wakati mwingine wiki. Ukitaka kucheza usiku huohuo, cheza bila modi, na uanzishe familia nyingine mpya. Ile ya zamani usiiguse kabisa, kwa sababu ukiifungua bila modi zake na ukahifadhi, baadhi ya vitu vilivyotegemea modi vinaweza kupotea moja kwa moja.

Nije kwenye kuuliza. Sisi tumelelewa na hodi. Hata huku ambako mgeni anapokelewa na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", kabla hajafika uani, bado atasimama, atajitambulisha, ataeleza kilichomleta. Kwenye simu tumechukua nusu ya desturi hiyo na nusu tumeiacha. Mtu anaandika "Habari zenu wakuu", kisha ananyamaza. Anangoja waitikie watu 6 ndipo aseme "nina shida". Anangoja tena aulizwe shida gani. Mpaka jambo lenyewe lifike, aliyekuwa anajua jibu ameshalala. Salamu ni wajibu, sikwambii uiache, mimi mwenyewe asiyenisalimu namjibu kwa uzito. Ila salamu na shida viingie pamoja, katika ujumbe mmoja.

Na shida yenyewe uieleze hivi, kwa mfano: "Habari za jioni ndugu zangu. Nacheza The Sims 4 kwenye Windows. Apdeti imeingia leo, toleo langu ni hili. Nikifungua familia, vitufe vya chini havionekani. Nina modi kama 200, nimeziwasha baada ya apdeti. Nimetoa folda ya Mods nje, gemu ikawa sawa. Nimeirudisha, tatizo likarudi. Kuna anayejua ni modi gani inayoleta hivi?" Hapo hata mtu asiyekufahamu atakusaidia, kwa sababu kazi ya nusu saa umeshamfanyia. Namba ya toleo hukisii: ndani ya Documents, kwenye folda ya Electronic Arts halafu The Sims 4, kuna faili dogo linaitwa GameVersion.txt, lifungue uinakili. Ukikuta hapohapo faili linaloanza na lastException, litunze, ndimo gemu ilimoandika kilichoikwaza.

Ukituma picha, tuma skrinshoti. Skrini iliyopigwa picha kwa simu huku taa ya chumba inawaka juu yake haisomeki. Na tafadhali, ujumbe wa sauti wa dakika 4 usiutume kwa watu 150. Huo unakula bando lao, na mwenzako mwenye shida hiyohiyo kesho hawezi kuutafuta kwa neno.

Huyo aliyekwambia "soma juu" alikuwa na haki nusu. Usiku wa apdeti swali moja huulizwa mara 20, na kama jibu lipo juu, muulizaji alipaswa kupandisha macho kabla ya kuandika. Hata hivyo maneno mawili makavu kwa mtu aliyeshtuka ni kumfungia mlango usoni. Angeweza kuujibu ule ujumbe wa zamani wenye jibu ili uonekane tena, akaandika "ni hii hapa, mdogo wangu". Kazi ni ileile, sekunde 10. Admini mwenye busara huubandika juu ya kundi ujumbe mmoja siku hiyo, wenye orodha ya modi zilizothibitika kuvunjika, na anaweka mwingine mahali pake kila taarifa mpya inapokuja. Kundi lenu likianza hivyo, nusu ya ugomvi itaisha.

Sasa yule wa "futa yote". Hapa nitakaa kidogo, maana na mimi nimewahi kuwa yeye.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati ndiyo kwanza nimeanza kutengeneza kompyuta hapa Dodoma, kijana aliniletea laptopu yenye tatizo kama lako. Nilikuwa na wateja wengine wawili wamesimama mlangoni. Sikumuuliza kitu. Nikafuta folda, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta ili nafasi iongezeke, gemu ikawaka safi. Nikamkabidhi nikiwa na furaha. Akafungua, akatafuta, akaniangalia. Ndani ya folda ile mlikuwa na mtaa alioujenga na mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa ameshaolewa na kuhamia mbali. Hakunigombeza. Alilipa, akaondoka, na ile pesa iliniwasha mfukoni. Tangu siku ile sigusi kifaa cha mtu kabla ya kuuliza: ndani humu kuna nini usichotaka kipotee?

Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe sasa ni msaidizi, shika hili kuliko yote niliyoandika. Usimwambie mtu afute. Mwambie ahamishe. Folda ya Mods anaivuta na kuiweka juu ya skrini ya mwanzo, hapotezi chochote, na akitaka anairudisha. Folda ya saves, ndimo familia zake zinamohifadhiwa, anainakili kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, hata kabla ya apdeti yenyewe. Kuna faili moja tu ambalo hata mimi nalifuta bila woga, nalo ni localthumbcache.package, kwa sababu gemu inalitengeneza upya yenyewe ikiwaka.

Na usiwe mwepesi wa kusema "ondoa gemu, pakua upya". Ushauri huo unaandikwa na watu wa nchi ambako intaneti haihesabiwi kwa bando. The Sims 4 peke yake, bila vifurushi vya nyongeza, inazidi GB 10. Kumwambia mwanafunzi anayejiunga bando la wiki apakue upya ni kumwambia atumie pesa ya chakula, tena mara nyingi bila sababu, maana modi mbovu atairudisha palepale na tatizo litakuwa palepale. Ukishuku kuwa faili za gemu zenyewe zimeharibika, labda umeme ulikatika katikati ya kupakua, ipo njia nafuu: programu ya Electronic Arts (EA) ina kitufe cha kukarabati, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, ina sehemu ya kuhakiki faili. Hizo hukagua faili zilizopo na kuleta zile zilizoharibika tu.

Swali lako la kwanza kwa mwenye shida liwe hili: ni kwako tu, au na kwa wenzako? Linaokoa muda ajabu. Vijana wanaocheza eFootball, gemu ya mpira, kwenye simu hugombana na simu zao asubuhi nzima, kumbe seva imefungwa kwa matengenezo, jambo ambalo mara nyingi hufanyika Alhamisi. Na gemu hiyohiyo ilipotoka Septemba 2021 kuchukua nafasi ya gemu ya zamani ya PES, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepindika na uwanjani mambo hayakwenda. Konami, kampuni iliyoitengeneza, wenyewe waliomba radhi, na toleo lililotengemaa lilikuja Aprili 2022. Katika miezi ile nimeona watu kwenye vibanda vya gemu wakinunua pedi mpya, kwa ushauri wa rafiki aliyejibu kwa uhakika jambo asilolijua.

Ukiwa hujui, sema hujui. Ukiwa unakisia, sema "kwangu ilikuwa hivi, jaribu ukiwa umenakili kwanza". Maneno hayo machache yangekuokolea familia yako.

Kisha ufundishe njia, usitoe dawa tu. Mwenzako mwenye modi 200 mwambie azitoe zote nje, arudishe nusu, awashe gemu. Tatizo likionekana, mbovu imo katika nusu hiyo. Lisipoonekana, imo katika nusu iliyobaki nje. Anagawa tena, 100, 50, 25, na ndani ya mizunguko 8 hivi ameshaishika kwa mkono. Inachosha, na mara ya kwanza kaa naye, msaidie mkiwa wawili. Apdeti ijayo hatakugongea mlango saa 5 usiku, au akigonga itakuwa kwa jambo lililomshinda kweli. Ndivyo utakavyoepuka kuchoka. Jambo jingine ni kuwaambia wazi kwamba maswali ya gemu yaletwe kwenye kundi, yasije inboksi. Si kiburi. Jibu la inboksi linamfaa mmoja, na kesho utaliandika tena kwa mwingine.

Kuhusu kupeana mafaili. Najua tabia yetu: mmoja akipata modi iliyorekebishwa anaitupa kwenye kundi, wengine waokoe bando. Nia ni njema, lakini nakuomba mpeane kiungo cha ukurasa wa mtengenezaji. Anaweza kuibadilisha mara 3 ndani ya wiki moja, na faili lililozunguka kwenye simu za watu linabaki la zamani bila mtu kujua. Kubwa zaidi ni usalama. Mwanzoni mwa 2024 zilikamatwa modi za The Sims 4 zilizopandikizwa programu ya kuiba nywila, na watu wenye haraka ya baada ya apdeti ndio hupakua bila kuangalia faili limetoka wapi. Wapo pia wanaozijaza kwenye flashi na kuziuza mtaani. Hilo silikubali. Mimi natoza kazi ya mikono yangu, nikifungua kompyuta nikakaa nayo saa 2. Kazi ya mtu aliyeitoa bure siwezi kuiwekea bei.

Jambo linaloniuma kuliko hata hilo la flashi ni mtu anayesaidiwa kisha akaandika "nimepata, asanteni" na kutoweka. Umepata nini? Ilikuwa modi gani? Ulifanyaje? Wako watu watatu nyuma yake wenye shida hiyohiyo, wanapandisha macho, wanakuta swali zuri, majibu 10, halafu "nimepata". Ni kama kuvuka korongo wakati wa masika ukauvuta ubao nyuma yako. Rudi useme: "Ilikuwa modi fulani, nimeitoa, nangojea toleo jipya, gemu iko sawa." Hata kama haikufanikiwa, rudi useme haikufanikiwa, ili yule aliyekushauri asiendelee kumpa mwingine ushauri huo akidhani ulifanya kazi. Katika kundi ninalosaidia, mtu mwenye desturi hiyo akiuliza mara ya pili anajibiwa upesi kuliko wote, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Nakuja kwenye ujumbe wako kwa mtengenezaji. Umwandikie tena. Usieleze hasira yako ilitoka wapi, wala usianze na "kama nilikukwaza". Mwambie: "Juzi nilikuandikia vibaya baada ya apdeti. Nakuomba radhi. Modi yako nimeitumia kwa muda mrefu na naipenda. Toleo la gemu yangu ni hili, na nilichokiona ni hiki. Sina haraka." Usiulize itakuwa tayari lini, swali hilo analipata kwa mamia. Asipojibu pia ni sawa, utakuwa umempa taarifa inayomfaa.

Na familia yako, usikate tamaa kabla ya kuangalia mahali pawili. Fungua pipa la taka la Windows, kama hujalimwaga, utafute folda ya The Sims 4, na uirudishe ilipokuwa. Ikikosekana, angalia kama laptopu yako ilikuwa inahifadhi Documents kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kompyuta nyingi za Windows hufanya hivyo bila mwenyewe kukumbuka. Ingia kwa kivinjari, fungua pipa la huko, maana kwa akaunti ya binafsi kilichofutwa hukaa siku 30. Unachotafuta ni folda ya saves, na ndani yake mafaili yanayoanza na Slot. Utaona mengine yanaishia na .ver0 mpaka .ver4: hizo ni nakala za awali ambazo gemu hujiwekea, na ukishairudisha folda mahali pake, gemu ina sehemu ya kurejesha familia kutoka humo. Fanya leo, kabla siku hazijapita, na usihifadhi vitu vipya vingi kwenye laptopu hiyo mpaka umalize. Ukiipata, niandikie umeikuta wapi na ni nakala ya tarehe gani.